Nilimwambia Dada Gari Ni Zima

Mpendwa mshauri, naomba msaada na naomba unisamehe mwandiko, kwa maana naandika nimekaa kwenye kiti cha abiria cha gari la mafunzo, mwanafunzi wangu wa saa nne hajafika, na nisipoandika sasa najijua, nitanyamaza tena kama nilivyonyamaza siku kumi na moja hizi.

Mimi ni mwalimu wa udereva, mwanamke wa miaka thelathini na minane, na kazi hii naifanya mwaka wa kumi na tatu sasa. Kwetu mimi ndiye mtu wa magari. Binamu akitaka gari ananipigia mimi, shemeji akisikia mlio asiouelewa ananipigia mimi, mpaka jirani wa mama mkwe wangu aliwahi kunitumia picha ya gari kwenye simu nimwambie kama linafaa, nami nikamjibu linafaa, kwa picha tu, mshauri, na yeye akaenda akalinunua. Wengi wao walibahatika, na ile bahati yao mimi nikaifanya ujuzi wangu. Ukweli ni kwamba najua kuendesha na najua kufundisha, mtu anayetetemeka usukani leo baada ya wiki sita namtoa dereva, lakini chini ya gari sijui kitu, naweza kukuonyesha betri na radieta na hapo ndipo elimu yangu inapoishia. Sijawahi kumwambia mtu hivyo. Wewe ndiye wa kwanza.

Dada yangu ni mshonaji wa sare za shule, mjane, anaishi na mabinti zake wawili pamoja na mama yetu. Mama figo zimechoka, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa lazima awe hospitali saa kumi na mbili asubuhi, kwenye mashine ya kusafisha damu, na teksi za alfajiri unazijua, leo inakuja, kesho dereva amelala. Kwa hiyo dada akaamua kununua gari dogo lililotumika, akaja kwangu, angekwenda kwa nani mwingine. Tukakaa familia sebuleni kwake kulizungumzia, na kaka yetu mkubwa, ambaye ni fundi wa kupiga plasta na hajawahi kumiliki gari, akasema gari la mtu lisinunuliwe mpaka fundi makenika aingie chini alitazame. Mimi nikamjibu mbele ya mke wake na watoto wake, "Kaka, wewe umeishia kwenye baiskeli, mambo ya magari tuachie wenyewe." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, akachukua kofia yake akaenda zake.

Siku ya kwenda kuliona gari nilikuwa nimemwahidi dada kwamba nitakwenda na fundi. Fundi ninayemfahamu akasema ana kazi, nimsubiri mpaka kesho yake, nami nikaona kusubiri ni usumbufu, na zaidi ya hapo, niseme tu, niliona mtu kama mimi kuongozana na makenika ni kujishusha. Nikaenda peke yangu. Muuzaji ana ulimi wa asali, akaniita Mwalimu kabla sijajitambulisha, akasema mke wake amepita mikononi mwangu. Nikaliwasha, nikazunguka nalo mitaa mitatu, breki zinashika, gia zinaingia bila kelele, ndani linanukia usafi. Dada akanipigia nikiwa nimesimama pale pale uwanjani kwa muuzaji, akaniuliza kama fundi ameingia chini. Nikamwambia, "Ameingia. Gari ni zima." Halafu kwenye karatasi ya mauzo, pale palipoandikwa kuwa gari limekaguliwa, nikatia saini yangu kama shahidi.

Miezi miwili dada alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu azike mumewe, amelishonea viti vyake vitambaa, na mama akitoka kwenye mashine amechoka anamkuta mwanawe mlangoni anamsubiri, hawabembelezi dereva tena. Kisha gari likaanza kuvuta upande wa kushoto. Nikalichukua mwenyewe, Alhamisi moja mchana, nikalipeleka kwa fundi wa matairi ayapange magurudumu yakae sawa. Yakagoma. Akaniita nishuke naye kwenye shimo la kukagulia, akamulika tochi chini ya viti vya mbele, akakwangua kwa bisibisi, rangi nyeusi ikabanduka kama gamba la kidonda, na chini yake ukatokea mshono wa kuchomelea umekata sakafu yote, kutoka mlango hadi mlango.

"Dada," akaniambia, "haya ni magari mawili. Mbele ni la kwake, nyuma ni la mwenzake, wameyakata wakayaunga. Na hapa kushoto pameanza kuachia."

Nikamuuliza kama linaweza kutembea.

"Kutembea linatembea," akasema, akazima tochi. "Siku utakayofunga breki za ghafla ndipo utajua kuwa yalikuwa mawili."

Mshauri, nililirudisha gari kwa dada nikamwambia ni matairi tu, na tangu siku hiyo sili nikashiba. Asubuhi za hospitali naamka kabla yao, nakaa na simu mkononi mpaka dada aniambie wamefika, na simu ikiita muda usio wake naidaka kabla haijaita mara ya pili. Gari ninalofundishia lina breki ya pili upande wangu, mwanafunzi akikosea mimi nakanyaga, lakini gari la dada sina pa kukanyaga. Nimejaribu hila. Kwanza niliondoka na ufunguo kwenye mkoba nikajifanya nimesahau, kumbe ana wa akiba. Halafu Jumatano iliyopita nilipitia kwake asubuhi, yeye yuko ndani anamvisha mama, nikafungua boneti nikalegeza waya wa betri, na baada ya mimi kuondoka mpita njia mmoja akaukaza kwa dakika mbili, na dada akanipigia kunisimulia huku anacheka, akaniambia mama amechelewa mashine nusu saa. Nilirudi pia kwa muuzaji. Hakubisha wala hakukasirika, alitoa karatasi kwenye droo akaniwekea kidole penye saini yangu, akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, hapa limekaguliwa. Lilikaguliwa na nani?" Nikachukua mkoba wangu nikatoka.

Sasa Jumamosi hii dada anataka kumpeleka mama kwa mama mdogo wetu ambaye hali yake si nzuri, ni mwendo wa saa tatu na njia yote ni milima na kona, yeye, mama na mabinti wote wawili. Juzi aliniomba nimwelekeze namna ya kuteremka mlima bila kuchosha breki, na mimi nilikaa kitako nikamwelekeza. Nilikaa, mshauri, nikamwelekeza. Nikisema ukweli, dada hataniamini tena maishani, na kaka sina uso wa kumtazama nao, na chuoni likijulikana nani ataniletea mtoto wake nimfundishe. Je, nimwambie nimeota ndoto mbaya juu ya safari hii? Au nimtafutie haraka mteja, nimwambie kuna mtu analitaka gari kwa bei nzuri, aliuze, tununue jingine na mambo yaishe kimya kimya? Nisaidie. Barua hii nitaiacha mwenyewe mapokezi hapo ofisini kwenu, na namba yangu nimeiandika chini.

Ni mimi, Mwalimu.

JIBU

Mwanangu, ukurasa huu hutoka Jumapili, na safari yako ilikuwa Jumamosi. Barua nimeifungua Jumatano mchana, nikaisoma nimesimama, na sikungoja gazeti. Nilikupigia. Yaliyofuata nayaandika kwa ruhusa yako, kwa sababu najua katika wanaosoma hapa wamo wengine wenye siri zinazotembea barabarani.

Nilikuuliza dada yako yuko wapi, ukasema yuko dukani kwake, anashona. Nikakuuliza ufunguo uko kwa nani, ukasema kwake. Nikakuambia uende saa ile ile na sare yako ya chuo, usipite nyumbani, usitafute maneno mazuri. Ukaanza tena habari ya ndoto. Nikakukatiza, na sijutii. Ukimwambia mtu ndoto ataomba dua, kisha atawasha gari. Na yule mteja uliyetaka kumtafutia, yeye naye ana mama. Hukuona kwamba ulikuwa unataka kuuhamisha msiba kutoka nyumba yenu kwenda nyumba ya jirani?

Ulikwenda. Hilo nakupa haki yako, ulikwenda.

Jioni ukanipigia, ukanisimulia sentensi moja moja. Ulimkuta anakata kitambaa. Ulimwambia yote ukiwa umesimama mlangoni, fundi ambaye hakuwapo, saini, shimo, tochi, waya wa betri, na hakukukatiza hata mara moja. Ulipomaliza aliweka mkasi mezani. Hakuuliza habari za gari wala za muuzaji. Alikuuliza, "Tangu ulipojua, mama amelipanda mara ngapi?"

Ukajibu papo hapo, "Siku sita. Kwenda na kurudi."

Akakutazama. "Kumbe ulikuwa unahesabu," akasema. Akatoa ufunguo kwenye mnyororo, akakuwekea kiganjani, akarudi kwenye cherehani yake.

Umeniambia afadhali angekupiga. Najua. Kipigo kina mwisho.

Alhamisi gari likabebwa na gari la kuvuta mpaka gereji ya bodi, na fundi alipolinyanyua ncha ya bisibisi ikazama kwenye ule mshono bila kusukumwa. Jumamosi wamekwenda kwa mama yenu mdogo kwa gari la kukodi, wakarudi salama, na wewe hukuambiwa saa ya kuondoka. Mwanangu, meza hilo. Wako hai wa kukununia.

Sasa nikuseme kidogo, kisha nikupe kazi. Kutojua kilichoko chini ya gari si kosa, wala hata kukosea gari si kosa, mafundi wenye vyeti hukosea. Kosa lako lilianza siku ile sebuleni, ulipoona afadhali kaka yako aaibike kuliko wewe kusema hujui. Nakuelewa. Ukiitwa mjuzi na ndugu zako miaka kumi na mitatu, neno "sijui" linakuwa zito kinywani. Lakini watu hawakukuuliza ili uwafurahishe. Walikuuliza kwa sababu wao walikuwa wanaogopa, na wewe ukawauzia utulivu usiokuwa nao.

Kwa kaka yako utakwenda wiki hii. Usimvizie njiani, usimtumie ujumbe. Ulimdhalilisha mbele ya mke na watoto, basi umwombe radhi mbele ya mke na watoto, na useme kwa maneno yanayosikika kwamba yeye ndiye aliyesema la maana siku ile. Halafu umwombe afuatane nawe kwa muuzaji. Msiende kugombana. Mchukue maelezo ya maandishi kutoka kwa fundi wa matairi na fundi wa bodi, pamoja na picha za mshono, na nakala zake mzipeleke polisi wa usalama barabarani kabla hamjafika kwa huyo bwana mwenye droo. Atakuonyesha saini tena. Mwambie ndiyo, ni yangu, nilisaini uongo, na niko tayari kuusema mbele ya yeyote. Hapo ile karatasi haina cha kukutishia. Saini yako ni aibu yako, haiyafanyi magari mawili kuwa moja. Ikiwa sheria nayo ina neno na wewe kwa ile saini, lisikilize. Na mpaka mambo hayo yaishe gari hilo halichomelewi, halipakwi rangi, haliuzwi.

Kisha chukua simu, uwapigie wote uliowahi kuwaambia gari linafaa. Wote, na yule wa picha awe wa kwanza. Waambie hukujua ulichokuwa unasema, walipeleke kwa fundi. Wawili watakutukana, wengine watakushukuru, na huna nafasi ya kuchagua.

La mwisho ni mama. Umeniambia mkuu wa chuo, baada ya kumweleza, amekukubalia gari la mafunzo asubuhi mpaka saa mbili. Dada hajakuomba msaada huo, na hajakukataza. Usimpelekee kama zawadi, wala usingoje kusamehewa ndipo uanze.

Kesho ni Jumatatu. Fika kwao saa kumi na moja na robo, gari likiwa na mafuta. Usipige honi. Shuka, bisha hodi, ungoje. Akifungua mama, mshike mkono taratibu. Akifungua dada, mwamkie, kisha unyamaze. Na wasipofungua kabisa, rudi kazini, Jumatano ni hospitali tena.