Shibiri Moja ya Baba

Kaka Jumaa,

Shikamoo. Huku Uturuki mwili wangu mzima, moyo ndio umekataa kutulia. Mama hajambo? Na baba je? Safari hii usinijibu "alhamdulillahi" halafu ukakata simu.

Vipimo nilivipata, ahsante. Mwalimu wetu wa uchoraji alitaka kila mmoja amchore mzazi wake ndani ya mraba, kasimama wima, kanyoosha mikono. Anasema kwa mtu aliyekamilika, upana wa mikono ni sawa na kimo. Ndiyo maana nikakuomba umpime baba kwa shibiri, kama mama apimavyo mikeka yake.

Basi nilipochora, baba akatoka na kichwa kama boga! Darasa zima lilicheka, na mimi nikacheka huku naona haya. Nilipompigia mama ndipo nikajua: kichwa alipima yeye, kwa mkono wake mdogo, shibiri zikazidi, kwa kuwa wewe ulisema mtoto hashiki kichwa cha babaye. Kwingine kote ukapima wewe, kwa likono lako hilo la kubebea magunia. Adabu yako, kaka, imemfanya baba kituko.

Kichwa nikakirekebisha. Lakini mikono na kimo ulipima wewe mwenyewe, kwa mkono uleule, na bado kimo ni pungufu ya upana wa mikono kwa shibiri nzima. Nikamwambia mwalimu kwamba umekosea. Akaitazama karatasi, akaniuliza taratibu, "Baba yako anaweza kusimama akanyooka?"

Nilimjibu kwa hasira. Baba yangu hushusha madebe ya mafuta kutoka rafu ya juu, pale dukani Zinga, bila kigoda! Kisha nikakumbuka kuwa tangu mfungo nasikia sauti yake tu. Nikiomba kumwona kwenye simu, mara kalala, mara yuko msikitini.

Kaka, naogopa. Mficha maradhi... sitaki hata kuimaliza. Kama mnanificha ili nisome, masomo yapo hata mwakani.

Nisalimie mama, shangazi wa Kaole na wifi yangu. Baba mbusu mkono.

Mchoro unatakiwa Jumatatu, na juu ya kichwa chake pamebaki pengo la shibiri moja. Mwalimu anasema nimnyooshe tu, penseli si ninayo. Siwezi. Nijibu wewe, mama atanidanganya kwa huruma: mlimpima amesimama, au amelala kajikunja?

Mdogo wako,
Mwanahawa