Sharti la Fundi wa Samburu

Jego, 2 Septemba 2024

Kwako Kaka Idris,

Assalaam alaykum. Shikamoo kaka. Naomba Mungu barua hii ikukute mzima, wewe na kazi yako ya hapo Samburu. Huku sisi hatujambo, isipokuwa Mama. Figo zake zimechoka, na kila Alhamisi nampeleka Msambweni kuoshwa damu.

Najua utashangaa kuona karatasi zama hizi. Namba yangu uliifunga tangu siku ya harusi yangu, nikikupigia haiingii. Mama naye hataki nikupigie kwa simu yake, anasema ndugu wa tumbo moja wasemezane wenyewe. Basi barua hii nimempa Mwero, dereva wa lori la nazi, ambaye hulala hapo Samburu njiani akienda Nairobi.

Kaka, pikapu aliyotuachia Baba inatetemeka. Ikienda polepole imetulia, ikishika mwendo usukani unaanza kucheza mikononi. Kwa samaki ninaowapeleka Diani si neno, samaki hawana malalamiko. Lakini Mama hukaa mbele pamoja nami, na akitoka kuoshwa damu hana hata nguvu za kujishikilia. Mtikisiko ule unamtapisha njia nzima. Nililipeleka gari Ukunda kwa fundi mmoja, Samuel, mtu wa bara, akaniambia, "Buda, hii ni balancing tu, tunamaliza leo leo." Akayasawazisha magurudumu, na gari likarudi nyumbani linatetemeka vilevile.

Fundi wa familia ni wewe. Niambie lina nini.

Mdogo wako,
Abdalla


Samburu, 7 Septemba 2024

Mdogo wangu Abdalla,

Waalaykum salaam. Marahaba. Mimi mzima, na hata ningekuwa mgonjwa usingejua. Mpe Mama salamu nyingi, umwambie namwombea kila swala.

Kumbe unakumbuka kwamba una kaka! Nilipomwacha Mishi, eda yake iliisha asubuhi, na jioni ulikuwa umeshapeleka posa. Siku hiyo hukuhitaji fundi. Leo gari linakutikisa makalio, ndipo mimi nimekuwa fundi wa familia.

Haya, gari halina dhambi. Nitajibu kwa heshima ya gari. Mtetemeko ni kama homa, wenyewe si ugonjwa, unakuonyesha kwamba ugonjwa upo. Ukiusikia kitini, tafuta nyuma. Ukiusikia kwenye usukani, tafuta mbele. Kwa hiyo toa magurudumu ya mbele uyapeleke nyuma, na ya nyuma uyalete mbele. Mtetemeko ukihama nayo, shida ni tairi au ringi. Ukibaki ulipo, achana na tairi. Kisha tafuta barabara tupu, ukiwa kwenye mwendo kata kushoto kidogo, halafu kulia, usikilize ngurumo inazidi wapi. Ukisimama, sogeza mkono karibu na kila ringi uone ipi ina moto. Usiiguse, utalia, na Mishi hapendi wanaume wanaolia. Huyo namjua kuliko wewe.

Kaka yako,
Idris


Jego, 12 Septemba 2024

Kaka Idris,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Tumefurahi kusikia u mzima. Mama aliposikia salamu zako alilia, akataka asomewe tena pale pa kumwombea.

Nimefanya kama ulivyosema. Magurudumu nimeyabadilisha, mtetemeko haukuhama. Nikikata kushoto, chini yangu kunanguruma kama mtu anasaga mahindi. Nikikata kulia, kunatulia. Ringi ya mbele kulia ina moto, zile tatu ni baridi. Tena pana harufu, kama mafuta ya nyama yaliyosahauliwa kikaangoni.

Nisichokielewa ni kwamba magurudumu ya mbele niliyafungua mwenyewe mwezi wa saba. Niliyasafisha ndani mpaka chuma kikang'aa, nikayajaza shahamu iliyobaki tulipoipaka mashua ya Baba chini. Mashua ile imekaa majini tangu sisi wadogo na haijaliwa hata ubao mmoja. Nikasema kinachozuia bahari kitazuia vumbi. Sasa kwa nini lilie?

Kuhusu Mishi, kaka, usimtaje namna ile. Nilikuja Samburu kukutaka ruhusa. Ulikuwa chini ya lori, hukutoa hata kichwa. Ukasema, "Chukua. Nilichokitupa sikiokoti." Ndivyo ulivyosema.

Mdogo wako,
Abdalla


Samburu, 17 Septemba 2024

Abdalla,

Waalaykum salaam. Mimi sijambo, tena leo sijambo zaidi. Barua yako nimeisoma kwa sauti hapa gereji. Mchuuzi mmoja wa ng'ombe aliketi chini kwa kucheka, akaniuliza kama ndugu yangu huyu tulizaliwa naye au tulimwokota ufukweni.

Ugonjwa wa gari nimeshaujua. Jibu umeliandika kwa mkono wako na hulioni, maskini. Ukilipeleka kwa Samuel wako atakufanyia balancing mpaka siku ya kiyama.

Lakini jibu halitoki hivi hivi, na pesa zako sizitaki. Nataka Mishi aniandikie. Aanze na shikamoo, aniite kaka, maana sasa ni mke wa mdogo wangu, kisha aniombe. Siku niliyomwacha nilimngoja aniombe nirudishe neno langu. Nilikaa mlangoni nikimngoja. Alikunja kanga zake moja moja, akaniambia "kwaheri, Bwana Idris" kama anamuaga mwenye duka. Nataka nione ombi moja kutoka kwake, moja tu, kwa mkono wake. Siku nitakayolipata, na wewe utapata jibu lako.

Kabla ya hapo endelea kutikisika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Kaka yako,
Idris


Jego, 22 Septemba 2024

Kaka Idris,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Sisi tupo, Mama ndiye hali yake inapanda na kushuka.

Barua yako nimeificha. Mishi sikumwonyesha, wala sitamwonyesha. Ukitaka kuombwa, nakuomba mimi. Nimekaa chini nakuandikia, nakuomba kwa maziwa tuliyonyonya kifua kimoja. Nicheke utakavyo, wasomee watu wa Samburu wote. Ila niambie neno moja tu: lina hatari au halina?

Gari nimeliegesha. Alhamisi nilimpakia Mama bodaboda mpaka barabara kuu tungojee matatu, akazimia kwa jua. Wanawake wa pale walimmwagia maji. Gari la kukodi huku alfajiri hulipati, na akikosa kuoshwa damu hata mara moja anavimba uso humtambui.

Huyu ni mama yako pia. Nangoja.

Mdogo wako,
Abdalla


Samburu, 12 Oktoba 2024

Abdalla,

Assalaam alaykum. Mnaendeleaje huko? Tangu aniletee barua yako ya kuniomba, Mwero amepita hapa mara mbili, namuuliza, anasema hana kitu changu. Haya, Mishi ameshinda, kama kawaida yake. Nimechoka kungoja.

Sasa nisikilize. Gari hilo usiliwashe, hata kulisogeza kivulini. Shahamu ni mafuta ya mnyama na chokaa. Mashua inakaa kwenye maji baridi, haisuguani na kitu. Gurudumu linazunguka, linapata moto, mafuta yanayeyuka yote yanamwagika. Ndiyo harufu uliyoisikia. Ndani inabaki chokaa kavu, inasaga bearingi usiku na mchana. Ikiisha, gurudumu linachomoka zima na hubu yake, chuma kinacholishikilia, na la mbele likichomoka usukani utaushika bure. Lolote hamtaweza kufanya.

Nimempa Mwero, anayerudi kutoka Nairobi, bearingi mpya, za ndani na za nje, za pande zote mbili, na kopo la grisi ya kweli. Huyo Samuel anaweza kuzifunga, hiyo si kazi ya akili. Asikaze nati mpaka mwisho. Usinilipe.

Juzi na jana nimempigia Mama, simu yake haiiti. Mwambie aiwashe. Namba yako nimeifungua.

Na usije ukajisifu kwamba nimelainika. Mjinga ni mjinga tu, hata akiwa ndugu.

Kaka yako,
Idris


Jego, 20 Oktoba 2024

Idris,

Waalaykum salaam. Salamu ni haki ya kila Mwislamu, na yako nimekupa. Hali yetu utaisoma chini.

Mwandiko huu ni wa Mishi. Mimi nasema, yeye anaandika, maana mkono wangu wa kulia umevunjika. Uliutaka mkono wake, basi ndio huu. Hana ombi.

Barua yako imefika pamoja na bearingi. Mama tulimzika Alhamisi ya tarehe kumi baada ya alasiri, kabla hujashika kalamu. Asubuhi hiyo gurudumu la mbele kulia lilichomoka tulipopita Kanana, njia ya Msambweni. Nililiona linakwenda mbele yetu peke yake, na usukani mkononi mwangu haukuwa na kazi, kama ulivyoandika. Simu ya Mama ilivunjika pamoja naye. Yangu ulikuwa umeifunga. Twahir wa msikitini alikupigia kwa namba yake mpaka wakati wa kumtia kaburini, ikawa inalia tu. Aliniambia mafundi hawapokei namba wasizozijua.

Utajiuliza kwa nini niliwasha gari nililokwisha kuliegesha. Mama ndiye aliyeniamuru. Aliikuta barua yako ya sharti chini ya godoro langu alipokuwa anatafuta shuka, akampa Mishi amsomee. Mishi akasoma yote, hata pale pa kanga, asiache neno. Kisha akachukua karatasi akuandikie unavyotaka, aanze na shikamoo. Mama akamnyang'anya kalamu.

Akasema, "Usimwombe. Idris anajua mimi napanda gari hili. Lingekuwa na hatari, mwanangu asingeweka masharti, angekuja kwa miguu kutoka Samburu. Huyu anataka kukutesa wewe tu. Gari ni zima." Nilimkatalia wiki nzima. Alhamisi akatoka amevaa buibui lake, akapanda, akafunga mlango mwenyewe, akaniambia kama naogopa atamwita mtoto wa jirani aendeshe. Njiani lilipoanza kutetemeka alinishika bega akasema, "Usijali, kaka yako angetuambia."

Shahamu niliitia mimi kwa mikono yangu. Hilo nitalijibu mbele ya Mungu, sikuombi unisaidie.

Bearingi zako nimezirudisha kwa Mwero, uwafungie watu wengine. Hapa matangani wazee waliuliza kwa nini fundi wa familia hakuulizwa. Nimewajibu kwamba hukuulizwa, kosa ni langu. Usinishukuru. Mama alikufa akijivunia wewe, na sitaki mtu yeyote wa Jego ajue kwamba alikuwa hakujui.

Abdalla, mwana wa Maimuna