Ubishi wa Wapanda Milima

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti la kukanyagia cherehani limeacha kukusumbua. Mimi naendelea vizuri. Nakuomba ulishike neno hilo unaposoma, maana huko katikati kuna mahali utataka kuinuka na kuiweka barua kando. Usiinuke, Mama. Soma mpaka mwisho.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Wewe na mimi tunazijua simu zetu zilivyo. Nikitaja baiskeli tu, unasema sufuria inaungua. Sufuria zilizoungua tangu nijiunge na timu hii zingetosha kufungua duka. Sikulaumu. Ila safari hii nina neno ambalo lazima likufikie lote.

Hapa tunaishi wasichana wa timu katika nyumba moja ya ghorofa, pamoja na fundi wa baiskeli na mzee anayetukanda misuli, tunayemwita Babu Mafuta. Kazi yangu, kama ulivyowahi kusikia huku ukijifanya husikii, ni kupanda milima. Kwenye mashindano wapo wenye mbio za tambarare, miguu yao kama nguzo, na tupo sisi wakondefu ambao hatuna faida yoyote mpaka barabara iinuke.

Tukishamaliza kula, kila siku huzuka ubishi uleule: katika wote waliowahi kuendesha baiskeli kwa kulipwa, nani alikuwa mpanda milima mkubwa kupita wenzake? Fundi humtetea mmoja tuliyempa jina la Karani, kwa sababu alipanda huku akitazama kipimo kwenye usukani, ametulia kana kwamba yuko ofisini, na akifika kileleni wenzake wameisha bila kujua waliishia wapi. Babu Mafuta hataki hata kumsikia. Yeye ni wa Tai, yule wa zamani, aliyechomoka peke yake kwenye mlima wa kwanza ilhali mingine yote ilikuwa bado inamngoja. Anasema Tai alipanda barabara za kokoto kwa baiskeli ya chuma nzito kama mbuzi, hana redio sikioni wala gari la kumletea maji. Fundi hujibu kwamba mtu akishindana na wachache hawezi kukosa kuwa wa kwanza. Kisha mmoja wetu humtaja Unyoya, aliyekuwa mwepesi kuliko wote, na watu huanza kukusanya sahani, kwa sababu Unyoya alikutwa na dawa za kuongeza nguvu katika damu, na sasa hakuna ajuaye kipi kilikuwa mguu na kipi kilikuwa sindano.

Mimi huwa sichangii. Ubishi huo niliusikia mara ya kwanza nikiwa nimekaa kwenye benchi la kinyozi, miguu haijafika chini, Baba na Kinyozi wakirushiana maneno juu ya kichwa cha mteja. Baba alisema mpanda milima wa kweli ni yule anayeondoka mapema, wakati kila mwenye akili anamwambia asubiri. Kinyozi alisema mlima hauna huruma na mashujaa. Kaka alikuwa akisimama mlangoni, baiskeli ameiegemeza kiunoni, akitabasamu. Yeye hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa anapanda tu.

Siku aliyoanguka wewe hukuwepo mlimani, nami nilikuwa shuleni. Tunachojua ni kile alichosimulia Baba mwenyewe bila kujificha: kwamba alikuwa nyuma yake kwa pikipiki akimpigia kelele, “Kanyaga! Kanyaga, mwanangu, wamekwisha hao!” na Kaka akainua uso kama anayetaka kujibu, akalala ubavu, asiamke tena. Na sote tulikusikia msibani, mbele ya watu: “Umeniulia mwanangu kwa ubishi wako wa kwa kinyozi.” Baba hakujitetea. Tangu hapo mnaishi kama wapangaji wawili. Yeye anakula sebuleni, wewe jikoni, na likiwepo la kuambiana linapitia kwangu au kwa Dada.

Nikukumbushe jambo moja. Baada ya muda Baba alirudi kwa Kinyozi, na ubishi ukarudi, ingawa Kaka hakutajwa. Siku moja mteja mgeni akasema mpanda milima mkubwa aliyewahi kumwona kwa macho yake ni kijana wa yule mchomeleaji vyuma, marehemu. Hakujua anaongea mbele ya nani. Baba akainuka na shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu haijaguswa, akaja nyumbani hivyohivyo barabara nzima. Wewe ulimwona akiingia. Hukuuliza. Lakini kesho yake asubuhi palikuwa na kofia kwenye kiti chake, imeshonwa kwa kitambaa kilekile cha suruali zake za kazini. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba hamjakwisha.

Sasa nifike huko ninakokukwepa.

Katika mashindano ya mwisho niliondoka mapema, kama anavyopenda Baba. Barabara ilikuwa inajikunja kuelekea juu, niko mbele peke yangu, na miguu ilikuwa mizuri ajabu. Ghafla moyo ukapiga mara moja kwa nguvu, ukanyamaza, kisha ukaanza kukimbia ovyo, kama ndege aliyeingia chumbani asione dirisha. Niliweza kushuka. Nilikaa kwenye nyasi, wenzangu wakanipita mmoja mmoja. Watu waliokuja kutazama walidhani nimechoka. Walinipigia makofi na kunihimiza nisikate tamaa, nirudi juu ya baiskeli, nikanyage. Hawakuwa watu wabaya, Mama. Walikuwa wananipenda. Niliwatazama nikamwona Baba juu ya pikipiki yake, na kwa mara ya kwanza nikamhurumia.

Hospitalini nilihudumiwa na daktari wa moyo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alinionyesha moyo wangu kwenye skrini: ukuta wake mmoja umenenepa kupita kiasi. Alisema nimezaliwa na ugonjwa huo, mazoezi huweza kuuchokoza lakini hayauleti. Akaniuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Nikamweleza Kaka. Akauliza kama yupo mwingine. Nikasema hapana, kisha nikamkumbuka Mjomba, ndugu yako wa kwenye picha, aliyeanguka kutoka kwenye ngazi akipaka rangi ukuta kabla mimi sijazaliwa, tukaambiwa ni jua. Daktari akaweka kalamu chini.

Alisema hawezi kuapa juu ya mtu asiyempima. Lakini kwa anavyoona, Kaka na Mjomba waliondoka kwa ugonjwa huohuo mmoja. Unapita katika damu, na mtu anaweza kuubeba hadi uzeeni bila kujua, akawarithisha wanawe. Kaka angeweza kuanguka akikimbilia basi, au akiwa amelala. Nilimuuliza kuhusu zile kelele za Baba. Akanijibu taratibu kwamba kelele hazimpi mtu ugonjwa wa kuzaliwa nao.

Wameniwekea kifaa kidogo chini ya ngozi, karibu na bega, cha kuushtua moyo ukipotea njia. Kidonda kimefunga. Sitashindana tena. Nimeshalia, na bado kuna asubuhi naamka miguu ikiwa tayari, halafu nakumbuka.

Hayo siyo magumu kuliko yote. Gumu ni hili: Baba anajua. Nilimpigia nikiwa kitandani kumwambia hakumuua Kaka. Nilidhani atashukuru, au atalia.  Badala yake akauliza, ugonjwa umetoka upande upi. Nikamtajia Mjomba. Ndipo aliposema, “Basi usimwambie mama yako. Mwache anilaumu mimi. Mimi nimeshazoea, yeye itabidi aanze upya.” Nikamwambia hiyo si haki. Akasema haki ni mambo ya mahakamani. Nyumbani kuna anayelala na asiyelala, na afadhali asiyelala awe yeye. Hakukata simu mpaka nilipomwahidi.

Leo naivunja ahadi hiyo. Dada ameniambia kwamba ukipanda ngazi za sokoni unasimama katikati ukishika kifua, na ukiulizwa unasema ni uzee. Mama, huenda si uzee. Daktari anataka mpimwe, wewe na Dada na watoto wa Dada. Kipimo hakiumi. Unalala ubavu, wanakupaka kitu cha baridi kifuani, wanatazama. Ugonjwa ukionekana mapema una dawa, na watu wanaishi nao. Baba hajui habari za ngazi. Angejua, naamini angekuambia mwenyewe kabla yangu.

Siandiki ili nimtue yeye nikutwishe wewe. Hukujua. Ungejua, ungemfungia Kaka mlango na kuumeza ufunguo. Na kama moyo ule ulitoka kwako, basi hata kile kicheko chake kilitoka kwako, na ile subira, na vidole virefu. Hakuna aliyekosa hapa. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi watoto tuliuona wa Baba mwepesi miaka yote hii kwa sababu hakuwahi kuguna.

Sikuombi umtake radhi. Najua usingejua pa kuanzia, naye angekimbilia karakana yake kabla hujamaliza. Dada yuko tayari kukupeleka hospitali. Lakini ningefurahi zaidi akikupeleka Baba. Mwambie wewe mwenyewe kwamba unataka akusindikize, na mkifika pale kwenye benchi la kusubiri, kaeni tu. Mengine yatajileta yenyewe, au hayatajileta, ila mtakuwa mmekaa pamoja.

Nisalimie Dada na wanawe, wote wawili unibusie. Nisalimie pia Kinyozi, umwambie simwachii neno la mwisho hata kidogo. Mimi nitawasili kabla mwezi haujaisha, nikiruhusiwa kusafiri, na safari hii sirudi huku. Nitagonga mlango wa mbele. Afungue yeyote kati yenu.

Ni mimi mwanao anayekupenda,

Kitindamimba wako