Vidonge kwenye Kopo la Iliki

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepita mbele ya kioo cha kabati, nikarudi nyuma kujitazama tena. Dera la kijani linaning'inia! Mwaka jana lilikuwa likinibana makwapani. Husna, jirani yangu, amenichungulia kwa juu ya ua wa makuti, akacheka eti siku hizi natembea kama mwari. Nimemwambia aache maskhara yake. Lakini nimefurahi, kwa nini nijifiche humu.

Sukari yangu imeshuka. Nimeacha mahamri, nimeacha soda, wali wa nazi ni Ijumaa tu na kwa kiasi. Jioni mchicha na samaki wa kuchoma. Alfajiri natembea mpaka ufuoni na kurudi. Yote hayo ni kweli. Na kidonge asubuhi, kidonge jioni — navyo ni kweli, ila hivyo havijui mtu. Hata Nassir hajui, na ni mume wangu. Vimo kwenye kopo la iliki. Tangu niache kupika mahamri hakuna anayeligusa.

Dawa naifuata zahanati ya Kikoneni, mbali, kwa wasionijua. Marehemu mama alikuwa akisema ukianza vidonge vya sukari ndio basi tena, huinuki. Najua si kweli. Najua! Lakini neno la mama likishakaa kifuani halitoki kwa kuambiwa na nesi.

Ijumaa, 8 Agosti

Chama chetu cha wanawake kimekutana uani kwangu. Rael alikuwepo — yule mpangaji wa nyuma, anayefanya kazi mapokezi kwenye hoteli moja Diani. Ameniuliza mbele ya wote nimefanyaje, huku simu iko juu anarekodi. Nikasema: nia. Niliamka siku moja nikanuia, kama mtu anavyonuia saumu, na mwili ukafuata. Wakaitikia mashallah. Rael karibu aruke. "Sasa hiyo ndiyo mindset! Watu wanadhani ni diet, kumbe ni kichwa tu!"

Husna akauliza, kwa upole wake ule, bila dawa hata kidogo?

Nikatabasamu. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nilitabasamu nikazunguka kuwaongeza chai ya tangawizi. Na Husna sukari yake ni ya miaka, yangu cha mtoto.

Jumapili, 10 Agosti

Rael ameniweka kwenye status yake, na watu wanarushiana. Mpaka muuza samaki leo kaniita Mama Nia! Nikajisikia vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri tena. Mtu mzima mimi.

Alhamisi, 14 Agosti

Juzi nilimpelekea Husna samaki na mboga ya mchunga. Leo sahani yangu imerudi, na kwetu sahani ya jirani hairudishwi tupu, hata kama ni ndimu mbili utatia. Nimefunua kawa — mapera, na chini ya mapera, vidonge vyake vya sukari. Karatasi kwa karatasi, vyote, hata kimoja hakijatolewa!

Nikamwita kwa juu ya ua. Akaja anacheka. "Mimi nami nimenuia, shoga. Vikikaa kwangu vitanitia wasiwasi. Wewe tafuta mwenye haja navyo umpe."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua. Lakini Rael alikuwa amesimama nyuma yake, anapiga makofi. Nikasema, Mungu akutie nguvu.

Nitamwambia kesho, tukiwa wawili.

Jumatano, 20 Agosti

Sijamwambia.

Vyangu vimekwisha. Nilikuwa niende Kikoneni leo, lakini jana sokoni mama mmoja amenishika mkono — anatoka huko huko! Ameiona video. Anataka nikamnasihi mwanawe aliyeshikwa na sukari. Sasa nitapangaje foleni ya dawa na yeye anitazame?

Nikafungua kopo, ndimo nilimovitia na vya Husna. Ni vile vile, jina lile lile. Nimemeza kimoja. Nimejiambia ni kwa siku chache, mpaka nipate pa kwenda. Bismillahi sikuthubutu kuitamka.

Jumamosi, 30 Agosti

Husna amekonda. Na wanawake wanampongeza! Rael amempiga picha kando yangu, eti mwalimu na mwanafunzi. Nami najua kukonda kule si kwa mboga. Midomo imemkauka, jagi la maji haliondoki mkononi, choo anakwenda na kurudi.

Nikamwambia, huoni heri ukapime? Akanishangaa. Kupima si ndio kutia shaka nia? Nia ikiwa na shaka, hiyo si nia.

Hayo ni maneno yangu. Niliyasema mimi, mbele ya simu ya Rael, nimekunja mikono kama ustadhi.

Jioni nimempelekea supu ya samaki. Supu! Dawa yake iko jikoni kwangu, mimi nampelekea supu. Mnafiki mkubwa.

Jumanne, 2 Septemba

Leo nilikwenda hasa. Nilimpa salamu mlangoni na maneno nimeshayapanga.

Nikamkuta anasonga ugali wa wimbi, jasho linamtoka, amejawa na furaha. Akanivuta nikae. Akasema tangu kuolewa kwake, tangu kuachwa kwake, hajawahi kuamua jambo la mwili wake likawa. Kila kitu alikuwa akiamriwa. Hili ni lake, na mimi ndiye niliyemfungua macho, na kila sala ananiombea.

Ningemwambiaje? Nimekula tonge mbili, nikarudi. Nilikuwa nimejificha nyuma ya furaha yake, na kujificha huko nikakuita huruma. Nimeandika hivi ili nisije nikajidanganya tena.

Kimoja asubuhi. Kimoja jioni.

Jumamosi, 6 Septemba

Husna kaanguka jikoni kwake asubuhi. Nimesikia sufuria ikilia, nikaruka ua — makuti yote yamelala chini sasa. Alikuwa anahema haraka haraka, pumzi inanuka kama matunda yaliyoiva mno. Nassir ameleta tuktuk, tumempakia na bintiye Warda. Mimi sikupanda. Nimesema nabaki kuangalia nyumba. Nyumba gani!

Nimelia kwenye upindo wa dera.

Jumapili, 7 Septemba

Warda amekuja alasiri, moja kwa moja kutoka hospitali. Macho mekundu, na bado, "Shikamoo, mama mdogo." Marahaba yangu haikutoka vizuri.

Mamake amefungua macho. Sukari ilipanda mpaka kile kipimo kidogo kikashindwa kuisoma. Bado yuko kwenye dripu. Daktari anataka kuona alikuwa akimeza dawa gani, na kiasi gani, na mama anasema zote alizileta kwangu, kwenye sahani, hazijaguswa. Basi amezifuata. Na amekuja na sahani yangu nyingine, ile ya supu. Ametia mayai ya kuku wao. Mamake kalazwa, na amekumbuka kutia mayai!

Halafu akasema, "Mama ameniambia nikwambie usihuzunike. Anasema wewe hukumkosea. Nia yake yeye ndiyo iliyokuwa ndogo."

Nimemwambia aswali kwanza, nami nitafute.

Anaswali sebuleni. Namsikia akiinuka na kuinama. Kopo liko mapajani pangu, karatasi zote nimezitoa. Nyingi ni vitobo vitupu. Atakayeziona atajua ziliguswa, na hakuna aliyeingia jikoni humu ila mimi. Naweza kusema zimepotea. Naweza kusema nilimpa mtu, si ndivyo Husna alivyoniagiza? Uongo umekuja wenyewe, mzuri, umevaa nguo kabisa. Na Husna atarudi kwake akiamini kwamba ni yeye aliyeshindwa, na pengine atanuia tena, kwa nguvu zaidi.

Nia yake ndogo! Husna!

Mayai nimeyahamishia kwenye bakuli. Sahani nimeikausha. Nimepanga karatasi juu yake, zenye vidonge na zisizo navyo, na sikuzifunika kawa.

Warda ametoa salamu, swala imekwisha. Anaita, "Mama mdogo, umeziona?"

Nimeitika. Nimesema naja. Naweka kalamu chini, nishike sahani.