Fitabu Fyangu

Jumatatu, 13 Mei

Insha za Kidato cha Pili, nusu bado. Baridi ya Uyole imeingia mpaka kwenye kalamu. Nimesahihisha "hichi" na "hivo" mpaka kidole kimeota sugu. Chai ya pili imepoa.

Mchana Oliva kaweka picha kwenye status. Kitabu chake. Kakipakata kama mtoto wa ubatizo, nyuma yake lile duka lake la steshenari pale Ipogolo. "Shemeji wa Kihesa". Jalada la pinki. Pinki! Kaandika kwa simu, kati ya mteja wa fotokopi na mteja wa bahasha, kwa miezi michache tu. Kachapa mwenyewe, anauza mwenyewe. Mimi riwaya yangu, "Makaa Baridi", ninayo tangu Neema yuko mgongoni, na sasa Neema anasuka nywele mwenyewe.

Nimempongeza. Nimeweka na makofi. Roho imeniuma mchana kutwa.

Ijumaa, 17 Mei

Oliva katuma nakala kwa basi. Ndani kasaini: "Kwa dada Atu, aliyenifundisha kusoma polepole." Tulilala chumba kimoja chuoni. Msomaji nilikuwa mimi. Yeye alikuwa anakaanga viazi.

Nimefungua popote. "Baba yake Rehema akataka mahali kubwa." Mahali! Mzee anadai mahari, si uwanja wa mpira. Mbele kidogo, kijiji kizima "wakapiga kula". Wahehe na l yao. Nimecheka mpaka Baba Neema kaja kuchungulia kuna nini.

Nimechukua kalamu nyekundu. Nitapiga mstari kila kosa, jalada hadi jalada. Sijisikii vibaya hata kidogo.

Jumapili, 19 Mei

Wanakisoma hadi kanisani. Hapa Mbeya! Mama Lusajo wa sauti ya pili alikificha ndani ya kitabu cha nyimbo, nikaona ule upinki wakati wa matangazo. Mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Nimeomba Mungu anisamehe wivu. Halafu nikaomba paa la duka la Oliva livuje. Sikumaanisha. Nilimaanisha kidogo.

Jumanne, 21 Mei

Basi. Wachapishaji niliowaandikia hawajawahi hata kusema hapana. Nitachapa mwenyewe kama yeye. Nimeshampata mchapaji Dar, anataka kazi ikiwa imechapwa, si mwandiko wa mkono.

Kuchapa kwa vidole viwili nitamaliza uzeeni. Baba Neema kanionyesha kitu kwenye simu: unaongea, inaandika. Nimejifungia stoo, kati ya magunia ya mahindi, naisomea simu riwaya yangu. Inaandika kweli. Koma naweka mwenyewe baadaye.

Baba Neema kauliza kama yeye simu ingemwelewa. Nikamwambia haiwezi. Yeye bado ni Mnyakyusa wa Tukuyu mdomo mzima: fiatu, fyombo, mfua inanyesha. Mimi yale niliyaacha chuoni. Mwalimu wa fonetiki alinishikisha mkono kooni, niseme v mpaka nihisi inatetema. Ilichukua muhula mzima, na darasa likinicheka.

Jumamosi, 25 Mei

Nimefika mwisho. Ndelwa, mhunzi wangu wa Makete, anarudi nyumbani baada ya magomvi yote yale. Mkewe kampa mgongo. Na ile sentensi yangu: akavua pete, akaiweka mezani, akatoka. Basi. Hakuna neno lingine.

Nililia siku nilipoiandika. Leo nimelia tena nikiisomea simu, kamasi na yote, gunia likinisikiliza.

Oliva aliwahi kuusoma mwisho huu kwa mwandiko wangu. Akaninunia wiki nzima. Akanisihi nimrudishe Ndelwa kwa mkewe. Nikamwambia fasihi si hadithi ya kulalia. Bado nasema hivyo.

Alhamisi, 6 Juni

Mchapaji kanitumia kurasa nizipitie kabla ya mashine. Oliva kajuaje, sijui. Kaandika: "Dada, niletee nikusomee, jicho la pili ni zuri." Mtu wa kupiga kula anisomee mimi? Nimemjibu asante mpendwa, tayari.

Haikuwa tayari. Nimepitia mwenyewe, likizo hii ina nafasi. Simu haina adabu, iliandika "Ndelwa" kama "ndege ulwa". Nimesafisha. Sura ya mwisho nimeipitia juu juu, ile naijua kwa moyo.

Jumatano, 19 Juni

Nilikuwa nafua. Baba Neema katoka stendi na maboksi kwenye toroli, anapiga kelele tangu kwa jirani: "Mama Neema! Fitabu fyako fimefika!" Mtaa mzima ukatoka. Nikamwambia vitabu. Akasema ndiyo, fitabu.

Nimekata gundi kwa kisu. Harufu ya vitunguu ikanipiga usoni. Basi lilipita Ruaha Mbuyuni, konda akarundika magunia ya vitunguu juu ya riwaya yangu. Nimevianika vitabu uani kama mpunga.

Lakini ni kitabu. Jina langu liko mgongoni. Nimekaa nacho mapajani, sikula mchana.

Jumapili, 23 Juni

Mkuu wa shule kachukua kimoja, kauliza kama kiko kwenye mtaala. Akakirudisha. Mama Lusajo kakinusa. "Mwalimu, kitabu chako kinataka pilipili tu, kiwe kachumbari." Kwaya yote kicheko. Nami nikacheka, meno tu.

Maboksi yako chini ya kitanda. Oliva anachapa mara ya pili. Kanipigia, eti nimtumie boksi aweke dukani. Nimemtumia kwa kuwa sina pengine pa kupeleka. Atakiweka chini ya karatasi za manila, najua.

Jumamosi, 29 Juni

Boksi limekwisha.

Sikuamini. Oliva anasema kila anayekuja kutaka "Shemeji" anamwambia chukua na cha dada yangu. Kwa hiyo nauzwa kama kitunguu cha nyongeza juu ya fungu. Kuna kikundi cha wasomaji pale, wamekisoma, wanataka kuniona. Jumamosi ijayo, ukumbi wa parokia. "Njoo tukae meza moja, wanakulilia wewe."

Wananililia mimi! Anataka nikaone watu wake. Sawa, nitakwenda. Nimetia kitabu chake mkobani, kile chenye wino mwekundu. Wakiniuliza habari ya lugha, na wataniuliza, mimi ni mwalimu, nitawasomea ile mahali kubwa polepole. Tuone nani atacheka.

Jumamosi, 6 Julai

Iringa. Naandikia kitandani kwa Oliva, shuka lake zuri kuliko langu.

Alinipokea pale niliposhukia, "Kamwene dada, kamwene," kanibebea begi kwa nguvu. Kanenepa vizuri. Ukumbini maua mezani, kitambaa cha kushona kwa mkono. Watu wengi, akina mama zaidi. Wote wanamjua kwa jina. Mimi "mgeni wetu kutoka Mbeya". Nilikuwa nimeshakifungua kitabu chake chenye wino mwekundu chini ya meza, kidole kwenye ukurasa wenyewe.

Akasimama mama mmoja wa Ipogolo, wanamwita Mama Zawadi. Kashika "Makaa Baridi", kimechakaa pembeni. Akasema anataka kusoma mstari wa mwisho. Akasoma: "Ndelwa akafua pete, akaiweka mezani, akatoka."

Nilidhani ni mdomo wake. Nikafungua kinywa nimsahihishe, akavua mama, akavua. Nikachungulia nakala yangu kwanza. F. Nyeusi, imekaa pale katikati ya sentensi yangu kama mwenye nyumba.

Simu iliniandika kama nilivyosema. Muhula mzima wa mkono kooni, halafu machozi kidogo tu na Tukuyu yote ikarudi mdomoni.

Mama Zawadi hakuwa amemaliza. "Mwalimu, mume wangu fundi wa kuchomelea. Tulikuwa hatuongei tangu mavuno, tunatumiana mtoto. Nikasoma mwisho huu kwa nguvu, nikijidai najisomea mwenyewe. Siku ya pili kaja jikoni, kaweka hii juu ya beseni, katoka nje. Hakusema neno, mwanaume yule!" Akainua mkono. Pete ya shaba, nene, imekatwa kwenye koki ya bomba. Bado ina alama ya tupa.

Ukumbi ukapiga vigelegele. Mwanaume wa nyuma akaniuliza mwisho ule niliutoa wapi, maana mhunzi kitabu kizima anafua majembe ya watu, na siku ya mwisho ndiyo anamfulia mkewe. Yeye aliona. Mimi mwandishi sikuona. Nikajibu kwamba ulikuja wenyewe. Wakapiga makofi.

Kisha Oliva akasimama, machozi yamemlenga. "Mwisho huu nilimwomba mimi, mwanawe akiwa bado mgongoni. Alikataa kabisa. Kumbe alinisikia." Akanikumbatia mbele ya watu wote.

Kitabu kile chekundu kilianguka chini ya meza. Nilikikanyaga.

Jumapili, 7 Julai

Asubuhi tulikwenda Kalenga kwa mama yake. Ugali, mlenda, jua la baridi. Nilipanga kumwambia njiani. Nikapanga tena kumwambia tukirudi. Anapiga soga tu, ana raha, kila saa anasema "dada ulinisikia wewe!" Nilimchukia na nilimpenda katika hatua ile ile.

Nikamwambia tukiwa kwenye mteremko, bila kumtazama. Nikasema niliandika akavua. Ni ulimi. Ni simu. Sikumsikia yeye wala mtu yeyote.

Akatangulia mbele yangu mpaka darajani. Nikajua nimemuumiza, na kuna sehemu yangu ilifurahi. Naiandika hapa kwa sababu ni kweli. Halafu akauliza, "Sasa utairudisha?" Nikasema sijui. Akasema, "Mama Zawadi ataivua pete yake, basi."

Nikiwa nafunga begi akaja na kitabu kile chekundu. Mfagiaji wa ukumbi alikileta dukani. Nilitamani sakafu inimeze. Amekaa kitandani, anageuza kurasa moja moja, mistari yote, alama zangu zote za mshangao, na pale kwenye mahali kubwa nilipoandika "kiwanja??" Nikasubiri anitukane. Nilitaka anitukane.

Akasema alikuwa anaogopa kunisumbua nikisome. Akauliza kama anaweza kukitumia kwa toleo la pili. Nilimwangalia usoni nione kama ananisanifu. Sikuona. Au aliona kila kitu akaamua hivyo. Hata wema kanizidi, na hilo nalo limeniuma.

Jumatano, 10 Julai

Shule imechachamaa. Insha. "Hichi", "hivo". Nimeweka kalamu nyekundu chini mara kwa mara, sijui kwa nini.

Maagizo yanakuja. Makambako, Njombe, Mafinga. Wote wanataja mwisho. Hakuna hata mmoja anayetaja sura ya tatu, ile ya ukame, niliyoiandika mara saba. Namwonea wivu aliyeandika mwisho ule. Zamani ningekuwa na Oliva wa kumchukia. Huyu hana hata uso.

Jumapili, 14 Julai

Hatukwenda ibada ya pili. Ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba. Neema kalala.

Mchapaji anauliza kama kuna cha kurekebisha kabla ya toleo la pili. Nimemtumia marekebisho madogo, nukta, herufi kubwa. Halafu nikasimama dirishani, nikaweka mkono kooni kama chuoni. Akavua. Nikahisi inatetema. Nikaisema tena, haraka, kama mtu anayeongea na wa kwao. Haikutetema.

Nikamwandikia mstari wa mwisho ubaki ulivyo.

Baba Neema kaleta chai. Kauliza safari hii nachapa fitabu fingapi. Nimemjibu fingi. Akacheka, akakaa karibu yangu, tukanywa.