Siku Uliyofungua Tovuti

Kaka Moncef,

Natumaini baridi ya Lyon haijakuzidi. Huku Sfax tumeanika pilipili juu ya paa, na paka wa jirani kazigeuza kitanda.

Kitabu chako nakipanga kurasa kwa ajili ya kuchapwa, nimefika kwenye marejeo. Anwani za tovuti ni ndefu, zinatoka nje ya ukurasa, basi nazikata penye vile vistari vya mshazari. Angalau umefuata utaratibu: kila tovuti umeandika siku uliyoifungua.

Ile yangu, yenye nyimbo za harusi alizoimba Mama, umeifungua tarehe tisa Machi. Siku tuliyomzika. Nilikupigia wee mpaka simu ikazima. Kesho yake ukaniambia, "Dada'angu, mtandao ulikatika mtaa mzima, ningefanyaje?" Nikakutetea kwa Shangazi Mbarka: "Mwacheni, naye kafiwa."

Kumbe sisi tunamzika, wewe unanakili nyimbo zake.

Bosi wangu kasema tarehe hizo tuzitoe, zinajaza nafasi bure. Nimemkatalia. Zitachapwa hivyohivyo, na nakala ya kwanza nampelekea Shangazi.

Ni mimi, niliyekupokelea rambirambi zako zote,
Zohra