Mke Wangu Hataki Kisanduku Kitiwe Tiki

Mpendwa mshauri,

Kwa heshima zote, nawatangazia wasomaji wako na umma kwa ujumla kwamba kwenye programu moja ya mafundi nguo kuna kisanduku kidogo kuliko ukucha wa mtoto, na kisanduku hicho hakina tiki. Polisi hawajaitwa, wala hakuna aliyelazwa. Ila naomba msaada wako, kwa sababu programu hiyo niliiandika mimi, anayekataza tiki ni mke wangu, anayetaka kuacha kazi kwa kukosekana kwa tiki ni binti wa dada yake, na sote watatu tunakula meza moja.

Mke wangu ni fundi cherehani, ana karakana ya chumba kimoja yenye mashine mbili, kioo kirefu na pazia la kujaribia nguo. Mimi ni mtu wa kompyuta ambaye hata kifungo sijui kukishikiza, na zamani, katika kutafuta sifa nyumbani, nikamtengenezea programu: unaandika vipimo vya mteja, kifua, kiuno, nyonga, yenyewe inachapa vipande vya karatasi vya kukatia kitambaa. Sasa kitambaa, kama unavyojua wewe na nilivyokuja kujua mimi kwa kuchekwa, lazima kikatwe kikubwa kidogo kuliko mwili ili pabaki pa kupitisha mshono, na nafasi hiyo nikaiwekea kisanduku, ukikitia tiki programu inaongeza yenyewe, usipokitia haiongezi, nami nikakiacha bila tiki kwa kuwa mke wangu alizoea kuongeza mwenyewe kwa chaki na nikaona ni adabu kutomwingilia.

Programu ikapendwa, mafundi wengine wakaiomba, nikawagawia, nikavimba kichwa. Kumbe chaki iliwachosha wakabuni njia ya mkato, mke wangu akiwa wa kwanza: wanaidanganya. Mteja wa kiuno cha inchi thelathini anaandikwa thelathini na mbili, nguo inatoka sawa, maisha yanaendelea, na uongo wote umehifadhiwa humo mteja kwa mteja. Mimi mwenye programu nilikuwa wa mwisho kujua.

Ndipo alipokuja binti. Katoka mafunzoni, anapima vizuri, na kosa lake kubwa ni kusema ukweli. Kiuno thelathini anaandika thelathini, na nguo haifungi. Ameshaharibu vitambaa vya watu, na cha mwisho kilikuwa cha gauni la mahafali, mwenye gauni akasimama mbele ya kioo zipu ikiwa wazi mgongo mzima, analia kimya, na binti naye analia nyuma ya pazia.

"Si nilikwambia uongeze?" mke wangu akamuuliza.

"Nasahau, mamdogo. Pale kwenye skrini inaonekana inamtosha."

Nikamwonyesha kisanduku kwa siri, akakitia tiki, blauzi iliyofuata ikatoka safi, tukapongezana kama mabingwa, na hatukukumbuka kukirudisha. Kesho yake mke wangu akachapa sketi ya mteja wake wa siku nyingi, mwalimu mkuu mstaafu, na nafasi ikaongezwa juu ya uongo uliokuwemo. Mwalimu mkuu alipogeuka kujitazama nyuma, aligeuka peke yake, sketi ikabaki inatazama mbele.

"Baba watoto," mke wangu aliniambia, kwa ule upole wake unaotisha, "wateja wangu wote wamo humo. Ukigusa tena hicho kisanduku, nguo zao utazishona wewe."

Binti alisikia. Amesema mwisho wa mwezi anarudi kwao akatafute kazi ya dukani, labda ushonaji si wake. Nami nimebanwa: nikibadilisha, nawaharibia mafundi walioniamini, na nikiacha, kila anayeanza atadhani hana kipaji. Nifanyeje?

Mwoga wa Karakana

*

Mwoga mpendwa,

Pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi, lakini nguo navaa, kwa hiyo nisikilize. Miaka yote hiyo umekiita kimya chako adabu. Hukwenda hata mara moja kuketi karakanani ukaone watu wanavyoitumia kazi yako. Ungeketi asubuhi moja tu, ungeuona huo uongo kabla haujamliza mtoto wa watu.

Mkeo hana kosa. Alijenga kazi yake juu ya kitu ulichompa, na ana haki ya kukikuta jinsi alivyokiacha. Binti naye hana kosa. Aliandika alichopima. Wewe ndiye unayetaka kuwagawia watu wawili kisanduku kimoja kisha unashangaa wanagombana.

Basi kiondoe hicho kisanduku cha karakana nzima, kila mteja awe na chake. Wa zamani wabaki walivyo, uongo wao na yote, wasiguswe. Anayeanza leo na programu mpya, akute tiki imo. Na kwenye karakana yenye wateja tayari, programu iulize kila anapoandikwa mteja mpya: nafasi ya mshono niongeze mimi, au umeshaongeza wewe? Isijiamulie. Kisha jibu lichapwe kwa herufi nene juu ya kila kipande cha karatasi, maana mkasi hausomi skrini. Mafundi wako wapigie simu kabla, usiwashtukize.

Mkeo mpe aijaribu kwanza, apate wa kumlaumu akiwa karibu. Na binti umwambie, mbele ya mamdogo wake, kwamba tatizo halikuwa yeye. Hilo halisubiri programu. Fanya leo.

*

Mwoga alituandikia tena, nasi tunayachapa kama alivyoyaleta:

Mshauri, ukweli ni kwamba nilikutii nusu. Programu niliibadilisha ulivyosema. Mafundi niliwapigia wote isipokuwa mmoja, tunamwita Fundi Suti, kwa kuwa namwogopa, na ndiye aliyebonyeza jibu bila kulisoma, akakata koti linaloweza kumtosha mtu pamoja na rafiki yake. Alinipigia yeye. Nilimsikiliza mpaka akachoka, na bado anatumia ya zamani.

Lile la kumwambia binti nilianza, nikaishia kumweleza kisanduku. Mke wangu akanisogeza kando.

"Mwanangu," akamwambia, "kile kitambaa tulikiharibu sisi. Tulikuwa tunaidanganya hii programu wote, tukakwambia uongeze bila kukueleza kwa nini."

Kisha mke wangu akanunua kitambaa kingine cha gauni lile la mahafali, na binti akaandika vipimo vile vile vya kweli kama vya mteja mpya, akajibu programu iongeze, akachapa, akasoma zile herufi nene kwa sauti, akakata. Mwenye gauni alipokuja, zipu ilipanda mpaka juu.

Kola ilikuwa imekwenda upande. Tuliiona sote, na binti akatutazama kwa zamu, mimi na kompyuta yangu.

"Usimwangalie baba yako mdogo," mke wangu akasema. "Hiyo ni yako. Ifumue."

Mwisho wa mwezi umepita na bado yuko. Siku ile ya kola alicheka kwanza, cheko la mtu aliyetua mzigo, akachukua kiwembe, akavuta kiti dirishani.

"Nianzie wapi, mamdogo?"

"Nyuma ya shingo."